Mwache Kima Apande Mti: Ngano Zetu na Michezo ya Watoto Wadogo

Ukiuliza katika bweni lolote nani anajua hadithi ya Sungura na Fisi, mikono itanyooka mingi. Ukiuliza nani amewahi kumsimulia mtoto hadithi hiyo hata mara moja, mikono itashuka. Tunazijua ngano kama tunavyojua namba ya simu ya nyumbani, lakini hatuzitumii.

Makala hii nawaandikia kwanza wenzangu wa ualimu, hasa tunaosoma elimu ya awali, ambao muda si mrefu tutatawanyika mikoani kwa mazoezi ya kufundisha. Nakuandikia pia wewe wa uhandisi au wa biashara. Likizo ikifika utaachiwa mpwa wako wa miaka minne sebuleni, dada akuambie, "Hebu kaa naye kidogo, nafika sokoni." Wengi wetu hapo tunatoa simu, mtoto anawekewa katuni, anatulia. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba kuna njia nyingine, haina bando, na mtoto ataidai tena kesho.

Hoja yangu ni hii: ngano nyingi tulizorithi zina mchezo ndani yake. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita haishii kuisikiliza hadithi. Anaiingia. Anakuwa simba, anakuwa mti, anakuwa mawimbi. Sisi tumezoea kumketisha, kumsimulia, kisha kumuuliza, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Hapo hadithi inakufa, na nitaeleza kwa nini.

Ngano ina nini ndani yake

Anza na mwanzo wenyewe. Msimulizi anasema "Paukwa!", hadhira inajibu "Pakawa!" Kwingine ni "Hadithi, hadithi!" na jibu ni "Hadithi njoo!" Wengi hudhani hii ni salamu tu. Kwa mtoto mdogo ni makubaliano: kuanzia sasa tunaingia mahali ambapo wanyama wanaongea, na wewe una kazi ya kuitikia. Mtoto ambaye hajawahi kunyoosha kidole darasani atasema "Pakawa!" kwa sababu wote wanasema. Hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza mbele ya watu, na hakuna aliyemsahihisha.

Pili, kuna marudio. Sungura anakwenda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara maneno ni yale yale. Mtu mzima anachoka, lakini mtoto anafurahi, kwa sababu kufika mara ya tatu anajua kinachokuja na anakisema kabla yako. Kukisia kinachofuata ni stadi ile ile atakayoihitaji atakapoanza kusoma.

Tatu, kuna tanakali za sauti: chubwi majini, tifu mchangani, pu chini. Mtoto anayezicheza anatenganisha sauti na kuzitamka vizuri, jambo ambalo baadaye tutahangaika kumfundisha ubaoni kwa silabi.

Na kuna jambo tunalolisahau. Watoto wengi wanaoingia darasa la awali vijijini wanaongea Kisukuma, Kigogo au Kinyakyusa nyumbani, na Kiswahili wanakutana nacho shuleni. Huwezi kumfundisha mtoto wa miaka mitano ngeli za nomino. Lakini akisema mara sita katika mchezo mmoja "mti umeanguka", halafu miti ikawa miwili akasikia wenzake wakisema "miti imeanguka", ameshaipata. Hakuna aliyetaja neno ngeli.

Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, ambaye tunamkariri kila mtihani, alieleza mwaka 1933 kwamba katika mchezo mtoto hutenda juu ya umri wake wa kawaida. Tunakariri hoja hiyo, tunapata alama, kisha tunakwenda shuleni na kuwaambia watoto "kaa chini, funga mdomo."

Mfano: Kima na Papa

Nichukue hadithi moja tuifanyie kazi. Kima anaishi juu ya mkuyu uliopo ufukweni, matawi yamening'inia baharini. Kila siku anakula matunda, na Papa anakuja chini kuomba. Kima anamtupia. Urafiki unakua. Siku moja Papa anamwambia, "Umenitendea wema, nami nataka nikupeleke kwetu." Kima anapanda mgongoni. Wakifika katikati ya bahari, Papa anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu, "Mbona hukuniambia mapema? Sisi kima tukisafiri huacha mioyo yetu mtini. Nirudishe nikauchukue." Papa anageuka. Kima anafika, anaruka mtini, na hashuki tena.

Hadithi hii ni ya zamani sana. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, aliichapisha mwaka 1870 katika mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa huko. Ndani yake kuna hadithi ya pili, ya punda wa dobi, ambayo Kima anamsimulia Papa kumweleza kwa nini hashuki. Lakini haikuanzia Zanzibar. Ndugu yake yumo katika Panchatantra ya India, ambako rafiki wa majini ni mamba, na yumo katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu karne ya 8, ambako rafiki huyo ni kobe. Ilipofika pwani yetu, yule wa majini akawa papa. Nalitaja hili kwa sababu maalumu: watu husema ngano za jadi zisiguswe. Hii imeguswa na kila bandari iliyopita, na bado ni yetu.

Sasa tuicheze. Vifaa: benchi moja au meza imara (ndiyo mkuyu), kanga mbili zilizoshikwa ncha na watoto wanne (ndiyo bahari), na vifuniko vya chupa (ndiyo matunda). Kima anatupa matunda, Papa anayahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Hapo umeshaingiza hesabu bila kutangaza kipindi cha hesabu. Safari ikianza, Kima anashika mabega ya Papa kwa nyuma, wanatembea polepole kati ya mawimbi. Watoto wa kanga wanaanza na bahari tulivu, kisha bahari inachafuka.

Wakifika katikati, simamisha. Kanga zitulie. Papa ameshasema analotaka. Usiwaambie Kima alijibu nini. Waulize, "Kima afanye nini?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa mwalimu.

Katika darasa nililofanyia mazoezi mwaka jana, wa kwanza alisema Kima ampigie mama yake simu. Wa pili alisema amtekenye Papa mpaka acheke. Wa tatu, binti mdogo wa nyuma kabisa, alisema, "Amwambie moyo wake ni mdogo, sultani hautamtosha." Hilo ni jibu la mwanasheria. Kila jibu tulilicheza: tulipiga simu, tukatekenya, tukapima moyo. Mwisho ndipo nikawaambia, "Sasa sikilizeni Kima wa hadithi alisema nini." Walisikiliza kwa makini kweli, kwa sababu walikuwa wanalinganisha akili ya Kima na yao.

Tatizo la "tumejifunza nini?"

Mwalimu mwenyeji wangu, mama mwenye uzoefu na moyo wa kazi, alisubiri mpaka tumalize, kisha akauliza darasa kwa utaratibu aliouzoea: "Haya, hadithi inatufundisha nini?" Watoto wakajibu kwa pamoja: "Tusiwe waongo!"

Hilo jibu hawakulitoa katika hadithi. Kima ndiye aliyedanganya, na uongo wake ndio uliomwokoa. Jibu lilitoka katika akiba ya majibu yanayompendeza mwalimu: tusiwe waongo, tuwe watiifu, tupendane. Mtoto akishagundua kwamba kila hadithi inaishia katika moja ya majibu hayo matatu, haoni haja ya kuisikiliza.

Mtoto mmoja hakuitikia na wenzake. Aliuliza, "Lakini mwalimu, mbona Kima alidanganya?" Mwalimu akanitazama mimi. Tukakubaliana tuwaache waongee. Mmoja akasema kudanganya ni vibaya. Mwingine akasema, "Lakini angekufa." Wa tatu akasema Papa ndiye alianza, alisema ni rafiki kumbe sio. Mazungumzo yalichukua kama dakika tano, na kwa umri ule dakika tano za kusikilizana ni nyingi.

Baadaye ofisini tuliendelea kubishana, kwa heshima. Mwalimu aliniambia, "Mwanangu, wewe utaondoka baada ya wiki nane. Mimi nitabaki na mtoto anayesema kudanganya ni ruksa." Hoja yake ina uzito. Nilimjibu kwamba hadithi haikusema kudanganya ni ruksa. Ilimwonyesha mtoto hali ambayo mtu mkubwa mwenye nguvu, anayejiita rafiki, amemchukua na kumpeleka mbali na nyumbani. Mtoto wa miaka mitano anahitaji kujua kwamba katika hali hiyo halazimiki kuwa mtiifu. Anaruhusiwa kusema "Nirudishe", kusema chochote kitakachomrudisha, na akifika salama asishuke tena mtini hata akiitwa kwa maneno matamu.

Kesho yake mwalimu mwenyewe aliomba turudie mchezo, na safari hii akaongeza jambo: kila mtoto apate zamu ya kuwa Kima na kusema "Nirudishe!" kwa sauti kubwa. Wengine ilibidi warudie mara tatu ndipo sauti itoke. Hadithi peke yake haimlindi mtoto, ulinzi ni kazi ya watu wazima. Lakini mtoto ambaye sauti hiyo imeshamtoka mara moja kwa mchezo ana kitu ambacho mwenzake hana. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8, inataja malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama kuwa miongoni mwa nguzo zake. Mchezo wa Kima na Papa unagusa zote tatu kwa kanga mbili na benchi.

Zimwi na mama wa kambo

Swali linalokuja kila ninapozungumzia jambo hili: vipi zile za kutisha?

Chukua ile ya binti aliyesahau kombe lake zuri ufukweni. Anarudi kulifuata peke yake, zimwi linamkamata, linamtia ndani ya ngoma, na kuzunguka naye vijijini likijigamba kwamba lina ngoma inayoimba. Linafika kijijini kwao bila kujua. Wazazi wanaitambua sauti ya mtoto wao, wanalilisha zimwi mpaka linalala, wanamtoa binti na kujaza nyuki ndani ya ngoma.

Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu hadithi za kale, alitetea kwamba mtoto anahitaji hadithi zenye hofu ili aishinde hofu aliyo nayo tayari. Nakubaliana naye kwa sharti moja: hofu iwe mikononi mwa mtoto. Katika mchezo zimwi lisiwe mwalimu anayenguruma. Liwe mtoto mwenzao aliyechaguliwa, aliyevishwa kanga mbele ya wote, na wote wameona ni nani. Anayeogopa mpe kazi ya kujaza nyuki. Mkono ulio na nyuki hautetemeki.

Na ndani ya hadithi hii kuna mchezo mzuri kuliko yote ninayoijua. Mtoto mmoja ajifiche nyuma ya kanga, aimbe wimbo wowote anaoupenda. Wenzake wamefumba macho. "Ngoma hii ni mtoto wa nani?" Wataje jina. Mtoto ambaye sauti yake imetambuliwa na darasa zima uso wake unang'aa. Nimeona mtoto mgeni, mwezi mzima hana rafiki, akitambuliwa siku hiyo. Walikuwa wanamsikia muda wote, kumbe.

Ishu ngumu zaidi ni mama wa kambo. Ngano zetu, na za mataifa mengine pia, zimejaa mama wa kambo mkatili. Darasani kuna watoto wanaolelewa na mama wa kambo wema, wanaowafungia vitafunwa kila asubuhi. Mtoto huyo akirudi nyumbani jioni na picha ile kichwani, umemsaidia nini? Msimamo wangu: badilisha. Mwite jirani mchoyo, mwite shangazi wa jini, vyovyote. Kilichomo muhimu katika hadithi ni mtoto aliyenyimwa chakula na akapata msaada, hicho usikiguse. Vivyo hivyo kwa hadithi zinazomcheka kipofu au kiwete: kama kicheko ni kwa ulemavu wake, iache kabisa, nyingine zipo tele.

Kuna watakaosema tunaharibu utamaduni. Nawaomba wawaulize bibi zao kama waliwahi kusimulia hadithi ile ile kwa namna ile ile mara mbili. Bibi hutazama nani amekaa mbele yake, ndipo aamue zimwi liwe na vichwa vingapi.

"Watoto wanacheza tu"

Mzazi anapita dirishani, anaona nusu ya darasa ni mawimbi. Jioni anafungua begi, daftari halina kitu. Anakuja juu, na ana haki ya kuuliza, maana analipa michango. Wengi wetu tutakutana naye.

Jibu langu limetoka kwa mwalimu wa Kimarekani Vivian Paley, aliyefundisha watoto wadogo Chicago kwa miaka mingi. Yeye alikuwa akimkalisha mtoto pembeni, mtoto anasimulia hadithi yake mwenyewe, mwalimu anaandika maneno vilevile yalivyotamkwa, kisha darasa zima linaiigiza. Baada ya Kima na Papa, fanya hivyo. Kila siku watoto wawili au watatu. Hadithi inaweza kuwa sentensi mbili: "Kima alirudi kwao. Papa alilia." Iandike kwenye daftari la mtoto, aweke jina lake chini kadiri anavyoweza, achore. Sasa mzazi akifungua begi anakuta maneno ya mwanawe mwenyewe. Mzazi mmoja alikuja kulalamika, akaondoka akiomba bibi wa mtoto aruhusiwe kuja darasani kusimulia. Bibi alikuja na ungo wake.

Hatua kwa hatua

Kwa anayetaka kujaribu, huu ndio mpangilio ninaoutumia, kama dakika 25:

1. Chagua ngano yenye wahusika wasiozidi wanne, marudio, na mahali pawili tu, kama mtini na baharini. Isimulie peke yako kwa sauti mara mbili kabla ya kuingia darasani. Usisome karatasi.
2. Fungua kwa mwito na kiitikio. Kama watoto wana mwito wa kwao nyumbani, tumia huo.
3. Simulia mpaka penye mgogoro, kwa dakika zisizozidi saba. Weka sauti na ishara ambazo watoto watazirudia nawe.
4. Gawa kazi zote. Darasa likiwa na watoto 60 au 80, kama ilivyo shule nyingi, wachache ni wahusika. Wengine ni miti, mawimbi, upepo, waitikiaji. Asiwepo mtazamaji. Kesho zamu zibadilike, na usimpe mtoto yule yule usimba kila siku kwa sababu ana sauti.
5. Simamisha kwenye mgogoro, uliza "afanye nini?", cheza majibu yao.
6. Malizia hadithi ilivyo. Usiulize fundisho. Uliza, "Nani mngependa kuwa kesho, na kwa nini?"
7. Andika hadithi za watoto wawili au watatu.

Kwa mtoto mmoja sebuleni ni rahisi zaidi: kochi ni mkuyu, mkeka ni bahari, na wewe mjomba mtu mzima ni Papa. Atapanda mgongoni kweli.

Kabla hujafunga begi la likizo, fanya jambo moja. Mpigie mzee mmoja wa kwenu, bibi, babu au shangazi, umwombe hadithi moja, umrekodi kwa simu. Muulize mambo matatu: alisimuliwa na nani, watoto waliitikia nini, na walikuwa wanafanya nini kwa mikono yao wakati inasimuliwa. Swali la tatu usilisahau. Mimi nilipouliza, niliambiwa walikuwa wakipukuchua mahindi, na kila sungura alipotoroka kila mtoto alitupa punje moja kwenye ungo. Mwisho wa hadithi walizihesabu.